Kushuka Bandarini na Vijana Wenu Bila Kununua Matembezi ya Meli: Mwongozo Kamili wa Mediterania ya Magharibi

Meli za watalii zinazozunguka Mediterania ya magharibi huuza matembezi ya bandarini kwa kichwa. Familia ya watu watano ikinunua basi la kwenda Roma, kisha la Pompeii, kisha la Barcelona, mwisho wa safari hujikuta imelipa kama nauli nyingine. Pesa hiyo inauma. Kinachoniuma zaidi ni kumwona kijana wa miaka 15 akikokotwa nyuma ya kibendera cha kiongozi, spika masikioni, macho kwenye simu, mji wa miaka elfu mbili ukimpita dirishani. Kijana huyohuyo mkabidhi ramani na tiketi za familia nzima, mwambie "leo tunakufuata wewe", uone atakavyobadilika.

Mwongozo huu unahusu mzunguko wa kawaida wa wiki moja: Barcelona, Marseille, Genova, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya Roma, na Napoli au Palermo. Ukitokea Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au London, mambo ni yaleyale, isipokuwa hati.

Hati kabla ya ramani

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ombeni ya kuingia mara nyingi, hata kama ratiba haina nchi nyingine. Meli ikifunga La Goulette nchini Tunisia, hata kwa mchana mmoja, mmeshatoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja haiwarudishi. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa ile mtakayoingilia. Yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90, na mtoto aliyetimiza miaka 12 hulipa kama mtu mzima, kwa hiyo wekeni bajeti hiyo kwa kila kijana.

Mzazi akisafiri peke yake na watoto, abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake. Ofisi za viza huiuliza, na kampuni za meli pia. Kila mtu awe na nakala ya karatasi ya pasipoti yake na ya viza, kwa sababu baadhi ya meli hukaa na pasipoti za abiria mpaka mwisho wa safari.

Hatua ya kwanza: anza na saa ya kurudi

Gazeti dogo la meli, ambalo siku hizi mara nyingi liko kwenye programu ya simu, huonyesha saa mbili: ya meli kuondoka, na ya mwisho ya abiria kuwa ndani. Hiyo ya pili kwa kawaida hutangulia kwa nusu saa au hata saa nzima. Shikeni hiyo tu, nyingine isahauni.

Meli huenda kwa saa yake yenyewe. Tunis wakati wa kiangazi iko saa moja nyuma ya Italia, na simu hujibadilisha bila kumwuliza mtu. Mmoja wenu avae saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli na asiiguse. Na sisi tuna la ziada: nyumbani tunasema saa kumi na mbili jioni, gazeti linaandika 18:00, na kijana aliyezoea saa za Kizungu akisikia "saa kumi na mbili" anaweza kuelewa adhuhuri. Kwenye safari hii tajeni saa kama zilivyoandikwa kwenye gazeti, kuanzia baba hadi kitinda mimba.

Sasa hesabuni kinyumenyume. Tuseme mko Civitavecchia na mwisho wa kupanda ni 18:30. Mnataka kuwa kwenye ngazi ya meli 17:30. Kutoka stesheni hadi melini wekeni dakika 45. Treni ya kawaida kutoka Roma huchukua kama saa moja na robo. Kwa hiyo treni ya mwisho mnayoweza kuivumilia ni ya 15:30 hivi. Hiyo msiipande. Pandeni iliyo mbele yake, ile ya 15:30 ibaki akiba. Mahali panapofikika kwa miguu, akiba ya saa moja inatosha. Panapohitaji treni, wekeni saa mbili.

Italia ina migomo ya usafiri, na hutangazwa mapema. Siku ya mgomo, siku za kazi, treni za mikoani hulindwa kati ya 6:00 na 9:00 asubuhi na kati ya 18:00 na 21:00 jioni. Saa za katikati, ambazo ndizo za abiria wa meli, hazilindwi. Siku chache kabla ya kufika, kijana mmoja atafute mtandaoni neno *sciopero* pamoja na tarehe yenu. Akilikuta, Roma ifuteni au nunueni basi la meli. Basi la meli lina faida hiyo moja ya kweli: likichelewa, meli hulisubiri. Ninyi hamsubiriwi.

Hatua ya pili: kila kijana na bandari yake

Kumwuliza kijana "unataka kuona nini?" hakusaidii; atajibu "chochote". Mpe bandari nzima iwe yake, wiki kadhaa kabla ya safari. Mwenye miaka 13 apewe Palermo au Genova, ambako kila kitu kiko karibu. Mwenye 16 au 17 anaiweza Napoli, na Roma pia.

Usiku kabla ya kufika, wakati wa chakula, mwenye bandari anasimama na kueleza mambo manne: tunafikaje, kila mtu analipa kiasi gani, tunageuka saa ngapi, na mvua ikinyesha tunafanya nini. Wazazi wanasikiliza. Ruhusa ya kumsahihisha ni kwenye saa ya kugeuka tu. Akichagua kushinda nusu saa kwenye duka la viatu, ni mji wake siku hiyo, na wadogo zake watadai haki hiyohiyo kesho.

Sharti langu moja kwa mwenye bandari: jambo kubwa liwe moja. Pompeii na Vesuvius na Sorrento kwa siku moja ni adhabu, wala si matembezi. Na kabla hajaahidi kitu aangalie siku za kufungwa: makumbusho ya MuCEM ya Marseille na makumbusho ya mambo ya kale ya Napoli hufungwa Jumanne, na Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi.

Nauli na viingilio vyote viwe kwenye bahasha moja anayoishika mwenye bandari. Anayelipa ndiye anayesoma bei.

Hatua ya tatu: bandari moja moja

*Barcelona.* Meli nyingi hufunga Moll Adossat, gati refu lililo mbali na mji. Basi la bandari la kulipia huwashusha kwenye mnara wa Columbus, chini ya La Rambla. Hatua chache kutoka hapo kuna metro ya Drassanes, laini ya L3. Nunueni kadi ya T-familiar: ina safari 8 na inaruhusiwa kutumiwa na watu kadhaa, tofauti na T-casual ya safari 10 ambayo ni ya mtu mmoja tu. Kwa Sagrada Família pandeni L3 hadi Diagonal, badilisheni kwenda L5, ni vituo viwili. Tiketi ni za saa maalumu, zinunuliwe mtandaoni mapema. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1882, na ukimwambia kijana kwamba mafundi wangali juu ya kazi atatazama juu. La Rambla ni uwanja wa vibaka. Mkoba mbele, simu isikae mfuko wa nyuma.

*Marseille.* Gati la meli liko kilomita kadhaa kaskazini mwa mji, na kutembea ndani ya bandari hakufai. Tumieni basi la meli au basi la mji namba 35 hadi La Joliette, kisha metro au miguu. Kwenye bandari ya zamani, Vieux-Port, kuna dari kubwa la chuma kama kioo lililosanifiwa na Norman Foster mwaka 2013. Ukisimama chini yake unajiona kichwa chini, miguu juu, pamoja na wavuvi wanaouza samaki wa asubuhi pembeni. Hapo vijana watapiga picha bila kubembelezwa. Paa la MuCEM na bustani za ngome ya Saint-Jean, zilizounganishwa na daraja jembamba la waenda kwa miguu, ni bure.

Kisha pandeni Noailles, mtaa wa soko. Marseille ni nyumbani kwa makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Komoro, na mtu wa pwani yetu akikaa kimya sokoni pale atasikia mazungumzo anayoweza kuyafuata nusu. Chakula cha halali kimejaa, na bei ni ya watu wa mtaani. Binafsi naipenda saa moja ya Noailles kuliko kupanda hadi kanisa la Notre-Dame de la Garde, ingawa basi namba 60 huwafikisha juu na mandhari yake ni mazuri.

*Genova.* Mji unaodharauliwa na abiria wengi, na ndio ningemchagulia tineja wa kwanza kuongoza. Meli hufunga Stazione Marittima, na stesheni ya treni ya Piazza Principe iko mwendo wa dakika chache. Mji wa kale umejaa vichochoro vyembamba viitwavyo *caruggi*. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe hatapotea moyo humo. Ramani ya simu huchanganyikiwa kati ya kuta hizo, na kijana hulazimika kusoma majina ya mitaa. Mwambieni awatoe Via Garibaldi, barabara ya makasri ya matajiri wa zamani yaliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, kisha awapandishe kwa lifti ya Castelletto kutoka Piazza Portello. Lifti ikifunguka juu, mapaa yote ya mji, bandari na meli yenu viko chini yenu. Focaccia ya Genova hupakwa mafuta ya zeituni. Nunueni kwa uzito, kipande mkononi, muendelee. Wenye watoto wadogo wana akwariamu maarufu ya Porto Antico.

*Civitavecchia na Roma.* Basi la bandari huwatoa melini hadi Largo della Pace. Kutoka hapo kuna basi la kulipia hadi stesheni, au tembeeni kando ya bahari, haifiki nusu saa. Tiketi ya treni ya mkoa ni kama yuro 5. Ikiwa ni ya karatasi, lazima igongwe muhuri kabla ya kupanda: kuna kimashine kidogo kimebandikwa karibu na jukwaa, unaingiza ncha ya tiketi, kinaibana, kinachapa tarehe na saa. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na mkaguzi hajali kwamba mlilipa. Mwenye bandari azigonge zote yeye mwenyewe na azisome kama wino umetoka. Tiketi ya simu nayo huthibitishwa kwa kubonyeza kiungo mnachotumiwa.

Hapa kuna njia mbili, msizichanganye. Wanaotaka Vatikani washuke Roma San Pietro, kama robo saa kwa miguu hadi uwanja wa Mtakatifu Petro, kisha waendelee kwa miguu kupitia Castel Sant'Angelo hadi Piazza Navona na Pantheon. Mabega na magoti yafunikwe, wavulana wa kaptura fupi nao wanarudishwa mlangoni. Leso au kanga kwenye mkoba humaliza tatizo hilo. Wanaotaka Colosseum washuke Roma Ostiense, wavuke hadi metro ya Piramide, laini B, na kituo cha pili ni Colosseo. Wakitoka tu nje, jengo lote limesimama mbele yao. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, lakini nafasi lazima ihifadhiwe mapema, na tiketi hubeba jina, hivyo bebeni kitambulisho. Kwenye metro mnaweza kugusisha kadi ya benki getini, ila kila mtu na kadi yake.

Maji msinunue. Roma ina mabomba ya mtaani yaitwayo *nasoni*, yanatiririsha maji safi na baridi mchana kutwa. Zibeni tundu la chini kwa kidole, maji huruka juu kupitia tundu dogo la mgongoni, mnakunywa bila chupa.

*Napoli.* Meli hufunga katikati ya mji, mbele ya ngome ya Maschio Angioino. Kwa kijana anayependa mpira, Napoli haina mpinzani. Tembeeni hadi Quartieri Spagnoli, kwenye picha kubwa ya Maradona iliyochorwa ukutani mwaka 1990, mwaka ambao timu ilichukua ubingwa wa pili akiwemo. Uwanja mdogo ulio mbele yake umegeuka kama mahali pa kuhiji: jezi, mishumaa, skafu, picha. Karibu na hapo kuna stesheni ya metro ya Toledo, iliyofunguliwa 2012, ngazi zake zikizama kwenye ukuta wa vigae vya buluu kama bahari. Mpelekeni hata asiyependa treni.

Wanaotaka magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79, wapande metro laini 1 kutoka Municipio hadi Garibaldi, kisha treni ya Circumvesuviana ya kuelekea Sorrento. Kituo ni Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Kuna vituo vingine vyenye jina Pompei, na ukishuka kisicho chako umepoteza saa. Treni hiyo hujaa, haina ubaridi wa kutosha wakati wa kiangazi, na vibaka wanaijua.

Ushauri wangu kwa matineja ni kushuka mapema, Ercolano Scavi, kwenye mji mwingine uliofukiwa na mlipuko uleule, kama dakika 20 tu kutoka Garibaldi, halafu kuteremka barabara iliyonyooka hadi langoni. Pompeii ni kubwa, haina kivuli, na baada ya saa mbili vijana wanahesabu mawe. Ercolano ni ndogo na imehifadhika zaidi: milango na vitanda vya mbao vilivyogeuka mkaa bado vipo, na kwenye vyumba vya mashua, palipokuwa ufukweni, ndipo ilipokutwa mifupa ya watu waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Pale hata kijana mwenye maneno mengi hunyamaza.

*Palermo.* Bandari iko mjini. Kwa miguu mnafika Teatro Massimo, Quattro Canti na soko la Ballarò. Kwenye ukumbi wa kusini wa kanisa kuu, nguzo moja ya kushoto ina aya ya Kurani iliyochongwa, ikakaa hapo karne zote hizo. Mpeni kijana kazi ya kuitafuta.

Hatua ya nne: kuwaachia watembee wenyewe

Meli nyingi haziruhusu walio chini ya miaka 18 kushuka bila mzazi. Mkishashuka pamoja, uamuzi ni wenu. Anzeni Genova au Palermo, kwa saa moja. Wawe wawili au zaidi. Mpaka utajwe kwa majina ya barabara, na mahali pa kukutana pawe kitu kisichohama na kisichofungwa: sanamu, chemchemi, mlango wa kanisa. Duka la kahawa halifai. Simu ikizimika, mpango unabaki uleule: dakika kumi kabla, palepale.

Namba ya dharura katika nchi hizi zote ni 112. Kila kijana abebe kadi ya meli, nakala ya pasipoti, na karatasi yenye jina la meli, gati na saa ya mwisho ya kupanda, iliyoandikwa kwa kalamu.

Waambieni ukweli kabla ya kushuka. Kijana mweusi anaweza kusimamishwa na polisi Italia au Ufaransa na kuombwa kitambulisho. Asikimbie, asibishane, atoe nakala na kadi ya meli, aombe kumpigia mzazi. Na yuko mtu atakayemwita "ndugu", amsifie Afrika, amfunge uzi mkononi kama zawadi, kisha adai pesa. Mikono mfukoni, salamu fupi, endelea kutembea. Mfanyeni mazoezi sitahani, mmoja awe mfunga uzi, mwingine apite.

Simu, chakula, joto

Meli ikiwa baharini, simu hunasa mtandao wa setilaiti wa meli, ambao hauhusiki na vifurushi vya Ulaya na hutoza vibaya sana. Wekeni simu hali ya ndegeni kabla ya kuondoka gatini. Laini ya eSIM ya Ulaya inatosha nchi zote tatu. Pakueni ramani za miji yote mkiwa na intaneti ya nyumbani, na pawabanki moja iwe kwa mwenye bandari.

Waislamu wawe macho na vitu viwili visivyoonekana kuwa na nyama: taralli za Napoli na sfogliatella riccia kwa desturi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Palermo, arancina *al burro*, donge la wali la kukaanga, huwa na nyama ya nguruwe ndani. Ombeni ya mchicha. Julai na Agosti jua la mchana ni kali, hivyo jambo kubwa lifanyike asubuhi na mchana uwe wa kivuli na chakula.

Meli ikiwaacha

Msikimbilie uwanja wa ndege. Kwenye gazeti la meli huandikwa jina na simu ya wakala wa bandari; ipigeni picha kila asubuhi kabla ya kushuka. Huyo ndiye anayejua bandari inayofuata, na pasipoti zenu zikiwa melini, mara nyingi wahudumu humwachia yeye. Gharama za kuifuata meli ni zenu, kwa hiyo kadi ya benki yenye akiba ishuke pamoja nanyi kila siku, na bima ya safari isomwe kama inagharamia jambo hilo.

Njia za kuifuata zipo. Kutoka Napoli kuna meli za usiku kwenda Palermo. Genova na Marseille huunganishwa na treni kwa kubadilisha Ventimiglia. Kabla ya kupanda chochote, mwulizeni wakala kwa maneno haya: meli iko wapi kesho, mwisho wa kupanda saa ngapi, na je, tutaruhusiwa kupandia hapo? Mwenye bandari ya siku hiyo ndiye apige simu, mzazi akiwa kando yake na karatasi na kalamu.